Ukipeleka aila Garsen kwa gari la kulala, uliza kwanza malka iko wapi

Wikendi ndefu inapokaribia, nyumba nyingi za jijini huwa na mjadala ule ule. Baba anataka kulala mpaka saa nne. Mama anataka kutoka, kwani akibaki nyumbani hiyo si likizo, ni kazi isiyo na mshahara. Watoto wanataka bahari. Ukipiga simu Diani ama Watamu unaambiwa vyumba vimejaa, na kilichobaki bei yake ni ya kumtoa mtu machozi. Hapo ndipo mtu hukumbuka kwamba siku hizi yapo magari ya kukodi yaliyotiwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na mengine yenye hema juu ya paa. Unakuwa na nyumba yako barabarani. Linalobaki ni kujua nyumba hiyo uielekeze wapi.

Leo nakupeleka mahali ambapo watu wa mijini hupita wakielekea Lamu bila hata kufungua dirisha. Nakupeleka Garsen, katika Kaunti ya Tana River, na hasa kwenye mashamba ya kando ya mto, kuanzia Tarasaa na Ngao hadi Minjila. Huko hakuna disko wala bwawa la kuogelea. Kuna miembe mikubwa, mpunga, migomba, ndege wasiohesabika na mto wa rangi ya chai ya maziwa unaopita polepole kana kwamba hauna haja ya kufika baharini. Usiku utasikia vyura, na kwa bahati njema au mbaya, utamsikia kiboko akikoroma.

Lakini nakupeleka kwa masharti. Shamba la Tana si bustani ya kupigia kambi. Ni mahali pa kazi, na maji yake yanategemewa na watu wa aina mbili, mkulima na mfugaji, ambao wamewahi kuuana kwa sababu yake. Gari lako likisimama pasipofaa, unageuka kuwa mtu wa tatu katika jambo usilolijua kichwa wala miguu. Nitalieleza hilo kwa urefu hivi punde. Tuanze na njia.

Kutoka Nairobi hadi Malindi ni kama kilomita 600, na kutoka Malindi hadi Garsen ni 110 hivi, lami tupu. Nasema wazi kwamba wikendi ya siku tatu inawafaa zaidi wakazi wa Mombasa, Kilifi na Malindi. Wewe wa Nairobi, ama uongeze siku mbili kazini kwako, ama upande treni hadi Mombasa na ukodi gari huko huko. Ukiamua kuendesha mwenyewe, usiikabili safari nzima kwa siku moja ukiwa na watoto garini. Lala Kilifi au Malindi, umalizie asubuhi. Na ukitaka kukwepa msongamano wa Mombasa, kata kushoto pale Mariakani, upite Kaloleni na utokee Kilifi.

Ukishavuka daraja la mto Sabaki, nje kidogo ya Malindi, mandhari hubadilika. Baada ya Mambrui utafika Gongoni na Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi. Simamisha gari hapo. Watoto wengi wa mjini wanaamini chumvi hutoka dukani kama wanavyoamini maziwa hutoka kwenye pakiti. Waonyeshe jinsi maji ya bahari yanavyoingizwa kwenye mabwawa yasiyo na kina, jua likayakausha, ikabaki chumvi inayokusanywa katika vilima vyeupe. Ni somo la dakika kumi ambalo mwalimu darasani angelichukulia muhula mzima.

Ipo njia nyingine, ile ya kutoka Nairobi kupitia Mwingi, Garissa na Hola. Kwa aila yenye watoto na gari la kukodi, sikushauri.

Na kwa kuwa tumetaja njia, tuseme na usalama, maana mzazi akificha jambo hili anamdanganya nani? Miaka ya tisini barabara hii ya kwenda Lamu ilijulikana kwa majambazi, na mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Baadaye wakaja magaidi. Juni 2014 walishambulia Mpeketoni, na mwezi uliofuata wakashambulia Hindi na kituo cha polisi cha Gamba, ng'ambo ya Garsen kuelekea Witu. Ndiyo sababu balozi za nchi za nje huwatahadharisha raia wake kuhusu sehemu hizi, na ndiyo sababu utakuta vizuizi vya polisi. Usiwakasirikie maafisa. Waulize hali ikoje mbele, uwaambie unalala kwa nani. Endesha mchana pekee, uwe umefika kabla ya saa kumi jioni. Usilale kando ya barabara wala kwenye kichaka kwa kuwa umependa mandhari. Kama kuna tetesi zozote wiki hiyo, bakia Malindi, mto hautahama. Na kama ni mara yako ya kwanza, ukomee upande wa Tarasaa, Ngao na Garsen, usiende mpaka Witu na Kipini, hata kama ufuo wa Kipini ni wa kutamanisha.

Sasa tuje kwenye mto wenyewe, kwani bila kuujua huwezi kupanga siku ya kwenda.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, yapata kilomita 1,000. Unaanzia kwenye milima ya Nyandarua na Mlima Kenya na kuingia baharini Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Wewe wa Nairobi unayedhani huujui, unaujua sana. Maji mengi ya mferejini mwako hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, juu ya mto Thika, na Thika ni mtoto wa Tana. Hata taa unayosomea gazeti hili usiku ina deni kwake, kwani mto huo hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuteremka nyika. Kindaruma lilijengwa mwaka 1968 na Kiambere 1988. Kwa hiyo mkulima wa Ngao anayapata maji hayo baada ya wewe kuoga, kupika na kuwasha televisheni.

Jambo la kukumbuka unapolala kando yake ni hili. Garsen mvua inaweza isinyeshe hata tone, mbingu ikawa safi kama kioo, na bado mto ukafurika usiku. Mafuriko ya Tana hutoka juu milimani, wala si mawingu ya hapo. Mvua ikinyesha sana Nyeri, Murang'a na Embu, na mabwawa yakajaa yakaanza kumwaga, maji hushuka mwendo wa siku kadhaa na kufika deltani yakiwa na nguvu. Mgeni anatazama mbingu. Mwenyeji anasikiliza redio kuhusu Masinga. Fuata mwenyeji.

Hivyo basi si kila sikukuu inafaa. Pasaka huangukia karibu na mwanzo wa masika. Madaraka, tarehe mosi Juni, mara nyingi hukuta udongo ungali umelowa. Jamhuri, Desemba 12, hukuta vuli, ingawa maembe huwa yameiva na ni vigumu kumkataza mtu. Ninayoipenda mimi ni Mashujaa, Oktoba 20, kabla ya mvua ya vuli, ardhi ikiwa imekauka na kushika gurudumu. Mafuriko si hadithi. Yale ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliharibu mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa umejengwa deltani na shirika la serikali la TARDA kwa msaada wa Japani. Mwishoni mwa 2023, na tena mwezi Aprili na Mei 2024, watu wengi wa Tana River walihama makwao, na sehemu za barabara ya Lamu karibu na Gamba zilifunikwa na maji hata abiria wakavushwa kwa mashua.

Udongo nao una tabia zake. Ni mweusi, mzito, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu, ukilowa hunata kama ugali wa moto. Gari la kulala ni zito na mara nyingi linavutwa na magurudumu mawili tu. Zamani tulikuwa na Kombi za Volkswagen, ambazo Wajerumani walianza kuziunda mwaka 1950, na yule dereva wa Kombi alijua gari lake si trekta. Hawa wa siku hizi wakiona gari lina friji na pazia husahau. Ushauri wangu ni kuegesha penye ardhi ngumu, karibu na boma la mwenyeji na si mbali na lami, kisha mashamba ya ndani uyaendee kwa miguu au kwa bodaboda.

Na hapo pa kuegesha ndipo penye kiini cha makala haya.

Nina jamaa zangu, aila ya watu watano kutoka Buruburu, waliokwenda huko wikendi ya Mashujaa wakakaribishwa kwenye shamba moja karibu na Ngao. Mwenyeji wao, mzee wa makamo, aliwaonyesha pa kuegesha, chini ya mwembe nyuma ya jikoni. Kivuli kizuri, choo karibu. Lakini baba wa aila alikuwa ametoka Nairobi kutafuta mandhari, na nyuma ya jikoni hakuna mandhari. Jioni, mwenyeji alipokwenda kuswali, jamaa alizunguka kidogo akapata mahali pa ajabu: ukanda mpana wa nyasi fupi, hauna zao wala mti, unateremka taratibu hadi mtoni. Kushoto mpunga, kulia ndizi na mahindi. Kama uwanja ulioandaliwa kwa ajili yake. Akalisogeza gari, akatandaza turubai, wakapiga picha jua likizama. Walilala unono.

Alfajiri waliamshwa na gari kutikisika. Alipofungua pazia aliona pembe. Ng'ombe wasiopungua mia walikuwa wamefika na kiu, wamenusa maji, na katikati ya njia yao pana nyumba ya bati yenye magurudumu. Kijana aliyewachunga alipiga mluzi, akakimbia huku na huku, lakini ng'ombe mwenye kiu hana masikio. Wakagawanyika mara mbili kulizunguka gari, na wale wa kushoto wakaingia mpungani.

Ule ukanda ulikuwa malka. Hili ni neno la Waorma, lenye maana ya njia iliyoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa. Hakuna ua wala kibao. Mwenyeji haoni haja ya kuitia alama, kama wewe usivyoandika "mlango" kwenye mlango wa nyumba yako.

Ilipofika saa tatu asubuhi wazee walikuwa wamekaa chini ya mwembe, wa upande wa mkulima na wa upande wa mfugaji. Yule jamaa alidhani ameitwa kushuhudia. Kumbe ameitwa kujibu. Alitaka kusema kwamba yeye ni mgeni na amelipia kukaa pale, mkewe akamfinya mkono akanyamaza. Mzee mmoja wa Kiorma alimwambia kwa upole, "Mwanangu, shamba lina mlango wake na ng'ombe wana mlango wao. Wewe ulilala mlangoni." Mpunga uliokanyagwa ukakadiriwa, gharama ikagawanywa kati ya mwenye ng'ombe na mwenye gari, wakapeana mikono, na kabla ya adhuhuri jambo limekwisha. Jamaa anasema kilichomshangaza ni haraka ile. Hakuna aliyepaza sauti, lakini hakuna aliyetaka jua lichwe kabla ya kupatana.

Haraka hiyo ina sababu yake. Tarehe 22 Agosti 2012, katika kijiji cha Riketa, watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa asubuhi moja. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yakafuatana, Kilelengwani, Kipao na kwingineko, hadi Januari 2013, na waliokufa kwa jumla wakapita mia moja. Mwaka 2001 pia kulikuwa na mapigano. Siasa ilikuwemo, silaha zilikuwemo, na wachochezi hawakukosa. Lakini chanzo kilichokuwa kikitajwa kila mara kilikuwa ng'ombe aliyeingia shambani na shamba lililoziba njia ya ng'ombe. Wapokomo hulima kandokando ya mto kwa sababu ndiko kwenye rutuba inayoletwa na mafuriko. Waorma na Wawardei huleta mifugo huko wakati wa kiangazi, wengine wakitoka mbali kabisa kaskazini, kwa sababu nyika yote imekauka na majani yamebaki deltani tu. Wote wana haki, na wote wanategemea mto ule ule, ambao nao umepunguzwa huko juu na mabwawa ya umeme na mferejini kwako. Baada ya mapigano yale ulitayarishwa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, na njia za mifugo zikawa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Hata hivyo karatasi ni karatasi. Amani ya kila siku inalindwa na wazee kama wale wa chini ya mwembe, kwa kumaliza kesi ndogo zikiwa bado ndogo.

Hivyo, msomaji, unapofika shambani, kabla ya kuuliza choo kiko wapi, uliza malka iko wapi. Egesha pale unapoonyeshwa, hata kama ni nyuma ya jikoni. Ukihitaji mandhari, chukua kiti uende nayo mtoni kwa miguu, kisha urudi nacho.

Salimu kwanza, biashara baadaye. Mtu mzima ni Mzee au Mama, na shikamoo haijawahi kumgharimu mtu kitu. Wakazi wengi ni Waislamu, na Ngao kuna Wakristo wengi pia, kwa hiyo kaptura za ufukweni ziache garini. Mwambie mwenyeji akufikishe kwa mzee wa kijiji au chifu, watu wajue gari ngeni ni la nani. Mapatano ya malipo yafanywe mapema na wazi: mahali pa kulala, maji, kuni, na kijana wa kuwatembeza. Usiwe mtu wa kupunguza bei ya mkungu wa ndizi huku umevaa viatu vya bei ya mbuzi wawili.

Basi baada ya hayo, starehe ni zipi? Ziko tele.

Asubuhi watoto watapelekwa mpungani. Mtoto wa Umoja au Bamburi aliyekula wali maisha yake yote huenda hajawahi kuona mpunga umesimama. Atashangaa pia kuambiwa kwamba kule chini Ozi, karibu na Kipini, wakulima humwagilia kwa msaada wa bahari. Maji yanapojaa, bahari husukuma maji baridi ya mto yarudi nyuma na kuingia mashambani. Maji yakitoka, shamba limeshakunywa. Ni ufundi wa zamani, usiohitaji pampu wala dizeli. Tatizo ni kwamba mto ukiwa na nguvu kidogo, chumvi nayo huingia, na mpunga haupendi chumvi.

Mwembe ndio utajiri wa pale. Ukifika Desemba au Januari utakula ngowe mpaka mikono inate, na watoto waoshwe kwenye karai. Lakini wafunze kwamba kila mwembe una mwenyewe, hata ule uliosimama peke yake njiani. Nunua shambani. Madalali huja na malori na hulipa kiasi kidogo, maana wanajua embe haliwezi kungoja. Wewe ukilipa bei ya haki kwa debe moja, mwenye shamba ameshapata zaidi, nawe bado umenunua rahisi kuliko sokoni Kongowea ama Marikiti.

Ndege je? Delta ya Tana iliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu, yenye eneo la hekta zaidi ya 163,000. Korongo, mwari, bata na wengineo hukusanyika kwa maelfu. Yupo hata kindege kimoja kidogo cha matete ambacho huzaliana kule Iraki, karibu na Basra, na kuja huku kukwepa baridi. Karibu na Ngao kuna ziwa Shakababo, ambako mwenyeji anaweza kuwakodia mtumbwi. Ukaeni chini, msisimame, na mkono wa mtoto usitoke nje ya mtumbwi, kwani mamba hawabagui wenyeji na wageni. Wanafunzi wa biolojia watapenda kujua kwamba kaskazini zaidi ya Garsen, katika hifadhi ya nyani iliyotengwa mwaka 1976, kuna mbega mwekundu wa Tana na kima mwingine aitwaye mangabei, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Wanaopenda historia wasichoke. Golbanti kulikuwa na misheni ya Wamethodisti, na mwaka 1886 mmisionari Houghton na mkewe waliuawa hapo katika shambulio. Mwaka uliofuata Wajerumani wa Neukirchen wakaanzisha misheni Ngao. Ng'ambo, Witu, kulikuwa na usultani mdogo uliojiweka chini ya ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885, Waingereza wakaupiga mwaka 1890. Kipini nako wazee husimulia habari za Fumo Liyongo na kaburi lake.

Na jioni, moto ukiwaka, mwombe mama mwenye nyumba awaimbie watoto nyimbo za kulelea za Kipokomo. Kuna siri hapo ambayo si watoto wote wa shule wanaijua: sauti ya wimbo wa taifa la Kenya, ule wanaouimba bendera ikipanda, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Ilichukuliwa mwaka 1963, ikatiwa maneno mapya. Waache wajaribu kuutambua wenyewe.

Usiku funga chandarua kabla ya magharibi, si baada ya mbu kuingia. Malaria ya huko haina mzaha. Muone daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga, hasa kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Mtu asiende mtoni kuchota maji wala kuoga gizani. Mamba yuko majini, na kiboko hutoka usiku kula nyasi, akirudi hapendi kukuta kitu kati yake na maji. Hiyo ni sababu nyingine ya kulala nyuma ya jikoni.

Maji machafu ya tangi la gari usiyamwage mtoni. Chini yako kuna kijiji kinachokunywa. Chimba shimo mbali na ukingo kwa ruhusa ya mwenyeji, au tumia choo chake. Takataka za plastiki rudi nazo mjini, kwani huko hakuna lori la kuzizoa na ng'ombe akila mfuko hufa. Maji ya kunywa beba mitungi ya kutosha. Tangi la petroli lijaze Malindi, uwe na gurudumu la akiba lenye upepo, jeki, koleo na kamba nene. Unga, sukari na majani ya chai, chukua ziada kidogo umwachie mwenyeji. Ni zawadi inayopokewa kwa furaha kuliko biskuti za kopo.

Siku ya kuondoka usikawie. Watoto watataka kuona ng'ombe wakinywa mara ya mwisho, nawe waruhusu, wasimame pembeni ya malka pamoja na mtoto wa mwenyeji. Kufikia saa tatu muwe barabarani, maembe yakiwa yamefungwa vizuri kwenye makatoni, yale yaliyoiva yawe juu. Wale wa Nairobi wakilala Kilifi, watafika nyumbani kesho yake kabla ya giza.